Feni ya dari isiyomaliza tokeni: mwongozo kamili wa kuhamia mota ya kula umeme kidogo

Kaskazi ikiingia Mombasa, feni haizimwi. Nyumbani kwetu Majengo tuna feni nne za dari, na tatu kati yazo huzunguka mchana kutwa na usiku kucha kuanzia Desemba hadi mvua za masika zitakapotuonea huruma. Kila tokeni zilipoisha mapema tulilaumu friji. Siku nilipokaa chini na kalamu nikagundua kwamba feni tatu pamoja zilikuwa zikila zaidi ya friji, na hakuna aliyezishuku kwa sababu feni moja moja ni kitu kidogo.

Katika nchi za baridi mjadala huu upo, ila wao huuzungumzia mota ya kipuliza kilichofichwa ndani ya mtambo wa kupasha nyumba joto. Marekani, tangu Julai 2019, mitambo hiyo mipya sharti feni zake zitimize kiwango cha matumizi ya umeme, na hilo liliwasukuma watengenezaji wengi kuacha mota za kizamani. Sisi hatuna cha kupasha joto. Joto tumepewa bure. Kipuliza chetu ni feni ya dari, na kwa wenye nacho, kiyoyozi. Mota iliyoleta mabadiliko kule ndiyo hii inayouzwa sasa ndani ya feni madukani kwetu, kwenye boksi imeandikwa BLDC, kifupi cha Kiingereza cha mota ya mkondo mmoja isiyo na brashi.

Kwa nini mota ya zamani inakula sana

Weka mkono kwenye kichwa cha feni ya kawaida baada ya kuizima usiku. Utakuta cha moto. Joto hilo ni stima uliyolipia na ambayo haikuzungusha hata panga moja. Mota ya kawaida haina sumaku ya kudumu. Koili zake hutengeneza sumaku kwa umeme, kisha umeme mwingine huzalishwa ndani ya rota, ile sehemu inayozunguka, ili nayo igeuke sumaku, na rota hubaki nyuma kidogo ikifukuza bila kufikia. Sehemu kubwa hupotea njiani kama moto.

Mota ya BLDC ina sumaku za kudumu kwenye rota, na bodi ndogo ya kielektroniki inayogeuza umeme wa ukutani kuwa wa mkondo mmoja (DC), kisha kuugawa kwa zamu kwenye koili kulingana na mahali sumaku zilipo. Haina brashi za kulika na haihitaji kapasita ya kuianzisha. Feni ya kawaida ya inchi 48 hula wati 70 hadi 80 ikiwa kasi ya mwisho. Ya BLDC ya ukubwa huohuo hula kati ya 28 na 35.

Tofauti hukua zaidi ukipunguza kasi. Nguvu inayohitajika kusukuma hewa hufuata kipeo cha tatu cha kasi ya feni: nusu ya kasi huhitaji takribani sehemu moja ya nane ya nguvu. Mota ya BLDC huufuata mkondo huo kwa karibu, na ikiwa kasi ya chini huweza kula chini ya wati 10. Feni ya zamani iliyofungwa na ile regyuleta kubwa ya ukutani, yenye waya wa kupunguza umeme ndani, haikupi faida hiyo. Unapunguza upepo, lakini regyuleta yenyewe inachemka. Iguse utaamini.

Pima kwanza, usinunue kwa maneno ya dukani

Kwenye mita ya stima kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, mara nyingi 1000 imp/kWh. Zima kila kitu nyumbani: friji, televisheni, chaja, hata taa ya choo. Acha feni moja tu kwenye kasi ya mwisho. Hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi unaofuata, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ndilo wati. (Kama mita yako imeandikwa namba nyingine badala ya 1000, gawa 3,600,000 kwa namba hiyo iliyozidishwa kwa sekunde.)

Feni yangu ya sebuleni ilichukua sekunde 47, yaani wati 77 hivi. Baada ya kubadilisha, ilichukua sekunde 116: wati 31.

Kama mita iko juu ya nguzo barabarani na huioni, tumia kile kidude cha kuingizia tokeni. Zima vyote, andika uniti zilizobaki, washa feni zote pamoja kwa muda wa saa tano au sita, soma tena.

Sasa pesa. Bei halisi ya uniti yako iko kwenye ujumbe wa tokeni: chukua ulicholipa chote, pamoja na kodi na tozo, ugawe kwa uniti ulizopata. Nitatumia shilingi 30 kurahisisha hesabu. Nimeokoa wati 46. Kwa saa 18 kwa siku hiyo ni uniti 0.83, kwa mwezi uniti 25, shilingi 750. Feni ikiwa imenunuliwa kwa shilingi 8,000, inajilipa kwa takribani miezi 11. Lakini kusi ikivuma, Juni na Julai, usiku mwingine hatuwashi kabisa, kwa hiyo mimi hujihesabia mwaka na nusu.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa chumba cha wageni ambacho feni huwashwa saa mbili kwa siku: unaokoa kama shilingi 83 kwa mwezi, na feni itajilipa baada ya miaka minane. Usiibadilishe. Anza na chumba kinachozungusha feni saa nyingi zaidi, na ukiishiwa pesa hapo, kazi kubwa imeshafanyika.

Jambo moja tena kabla ya kwenda dukani. Jirani yetu, mzee ambaye sote mtaani twamwita Ami, aliniita akasema, "Mwanangu, feni yangu yapuliza kama mgonjwa, nami nataka hiyo mpya yako." Nikamwambia, "Ami, ngoja kwanza tuitazame hii." Kapasita ilikuwa imekufa nusu. Tulinunua nyingine yenye namba ileile iliyoandikwa juu yake, 2.5 µF, na feni ikaanza kumpeperushia kanzu. Hakununua kitu. Feni iliyopungua kasi si lazima iwe imezeeka. Kapasita ni kitu cha bei ndogo sana.

Kuchagua

Wapo mafundi watakaokuambia wanunue mota peke yake waifunge kwenye mapanga yako ya zamani. Sikushauri. Matundu ya skrubu mara nyingi hayalingani, na mapanga yamepindwa kwa pembe iliyokusudiwa mota nyingine. Utapata mota nzuri inayotikisika. Nunua feni nzima.

Tazama haya kwenye boksi, kwa utaratibu huu. Kwanza, volti. Stima yetu ni volti 240, na sote twajua inavyopanda na kushuka jioni. Tafuta feni iliyoandikwa inavumilia masafa mapana, mfano volti 140 hadi 285. Angalia sana usiuziwe feni ya volti 12 ya sola. Nayo huitwa feni ya DC, nayo hula umeme kidogo, na ukiifunga kwenye 240 itaungua palepale.

Pili, hewa. Muuzaji atakuonyesha wati, nawe muulize mita za ujazo kwa dakika. Feni ya wati 25 isiyosukuma hewa haina maana, kwa sababu utaongeza nyingine ya mezani. Gawa hewa kwa wati: feni ya zamani inayotoa 210 kwa wati 75 hupata chini ya 3, ya BLDC inayotoa 220 kwa wati 32 hupata karibu 7. Nyingine huja na lebo ya nyota, hasa zitokazo India, ambako nyota hizo zimekuwa za lazima kwa feni za dari tangu Januari 2023.

Tatu, ukubwa. Inchi 48 hutosha chumba cha kawaida cha kulala au sebule ndogo. Inchi 36 kwa jikoni au kijichumba. Inchi 56 kwa sebule pana. Nne, na hili ni letu wa pwani: uliza kama bodi ya kielektroniki imepakwa varnishi ya kuzuia unyevu. Hewa ya bahari huila bodi tupu polepole, na mijusi na sisimizi humalizia. Kama muuzaji hajui, chukua yenye waranti ndefu na utunze risiti.

Kabla ya kupanda ngazi

Kama nyaya za nyumba huzijui, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati Kenya, kwa sehemu ya umeme, nawe usimame umwelekeze kuhusu regyuleta, kwa maana hapo ndipo wengi hukosea. Ukifanya mwenyewe, vifaa ni hivi: ngazi imara, bisibisi, plaizi, spana, tesita, konekta za waya, utepe wa umeme, na mtu wa pili chini. Mtu wa pili si hiari. Kichwa cha feni ni kizito na mikono miwili haitoshi kukishikilia huku ikifunga nati.

Zima kwenye meinswichi, si kwenye swichi ya ukutani. Katika nyumba nyingi za zamani nimekuta swichi inakata nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya laivu (waya unaouleta): feni inasimama lakini waya bado una stima. Kama una betri na inveta, zima hivyo pia. Kisha jaribu tesita kwanza mahali unapojua pana umeme, ili uhakikishe tesita yenyewe haijafa.

Tazama kulabu. Kwenye slabu ya zege, kulabu ya chuma kilichomwagiwa zege ni salama ikiwa haijaliwa na kutu. Ikwaruze, na kama vipande vinabanduka, weka mpya. Nyumba za Mji wa Kale zenye dari ya mawe ya matumbawe na boriti zina taabu yake: jiwe ni laini, msumari wa kutanuka hautulii humo. Funga kwenye boriti nzima yenyewe, si kwenye chokaa. Na nyumba za mabati zenye dari ya jipsamu, uzito ubebwe na mbao ya paa. Jipsamu haibebi feni, hata kwa siku moja.

Mapanga yawe angalau mita 2.3 kutoka sakafuni na sentimita 30 kutoka dari. Yakiwa karibu zaidi na dari, feni hukosa hewa ya kuvuta juu yake.

Kuifunga

Toa mapanga ya zamani moja moja ukiwa umeyashika, kisha telezesha kikombe cha juu kinachofunika nyaya. Piga picha nyaya kabla ya kuzigusa. Fungua nyaya, toa pini, toa bolti, mshushe mgonjwa kwa msaidizi wako.

Sasa regyuleta. Mota ya BLDC haitaki kitu chochote kinachokatakata umeme kabla haujaifikia, kwa sababu bodi yake hujipangia kasi yenyewe. Feni yangu ya kwanza niliifunga nikaiacha regyuleta palepale ukutani, nikidhani nikiiweka namba tano ni kama haipo. Ilizunguka wiki tatu ikilia kama nyuki, kisha ikanyamaza. Dukani waliikataa waranti, na walikuwa na haki: maelekezo yameandikwa kwenye karatasi iliyokuja nayo, nami karatasi nilifungia maandazi.

Fungua bamba la ukutani. Laivu hutoka kwenye swichi, huingia regyuleta, kisha hupanda kwenda feni. Toa nyaya zote mbili kwenye regyuleta, ziunganishe moja kwa moja kwa konekta, na uziba vizuri. Jaribu kuiondoa regyuleta kabisa na kuweka bamba tupu. Mimi niliiacha ukutani kama pambo, na mama yangu bado huizungusha kila magharibi akisema, "Sasa yapuliza vyema."

Ning'iniza feni mpya kwenye kulabu ikiwa na mpira wake wa kuzuia mtikisiko, pitisha bolti, kaza nati, na uhakikishe ile pini ya usalama imepita na ncha zake zimepanuliwa. Pini hiyo ndogo ndiyo inayozuia nati kufunguka kidogo kidogo kwa mtikisiko wa miaka. Kama feni imekuja na waya wa chuma wa usalama, ufunge kwenye sehemu nyingine, si kulabu ileile.

Unganisha laivu kwa laivu, nyutro kwa nyutro, na athi (waya wa usalama uendao ardhini) kwa athi. Nyaya mpya ni kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi. Usiiache athi ikining'inia kwa kuwa "inafanya kazi bila yake". Funga kikombe cha juu kikaribiane na dari bila kugusa waya, kisha mapanga, skrubu zote zikazwe kwa nguvu sawa.

Washa. Kama rimoti haisikii, feni nyingi huhitaji kuoanishwa: zima swichi, washa, kisha ndani ya sekunde chache bonyeza kitufe kilichotajwa kwenye karatasi. Ikitikisika, pima kwa rula umbali kutoka ncha ya kila panga hadi dari. Lililo tofauti limepindika au limelegea. Ukimaliza rudi kwenye mita, hesabu sekunde tena. Usiridhike na ahadi ya boksi.

Na kiyoyozi je?

Watu huniuliza kama wabadilishe pia mota ya kipuliza cha ndani. Hapana. Kwenye kiyoyozi cha ukutani cha BTU 12,000, kipuliza hula makumi machache tu ya wati. Mlaji mkubwa ni kompresa iliyo nje, inayokula karibu wati 1,000. Tena mota za aina mbili hazibadilishani. Ya mkondo mmoja huwa na nyaya tano: moja huleta zaidi ya volti 300 za mkondo mmoja, moja ya volti sifuri ya bodi (si athi ya usalama), moja ya volti 15 za bodi, moja ya kuamuru kasi na moja ya kurudisha habari za mzunguko. Bodi ya kiyoyozi cha zamani haina lugha hiyo. Mota ikifa, weka ya namba ileile, na fundi asubiri dakika kadhaa baada ya kuzima, maana kapasita za bodi hubaki na umeme wa kuua.

Kinachorudisha pesa kwenye kiyoyozi ni usafi. Lile gurudumu refu la kupulizia hujaa vumbi lililogandamana na unyevu mpaka matundu yake yanaziba. Chujio lioshwe kila wiki mbili wakati wa joto, gurudumu mara moja kwa mwaka. Kisha washa feni yako mpya chumba hichohicho na upandishe kiyoyozi digrii mbili. Ngozi haitajua tofauti, kompresa itajua.

Wenye nyumba kubwa za Nyali zenye kiyoyozi cha mabomba ya hewa darini, hesabu yao ni nyingine. Mota ya kipuliza hapo huweza kufika wati 300 hadi 500, na kuhamia ya kielektroniki kuna maana kama inafanya kazi saa nyingi. Ila chujio likiziba, baadhi ya mota hizo hujikaza zaidi ili hewa isipungue, na umeme hupanda badala ya kushuka. Mabomba yapimwe kwanza, na kazi hiyo si ya ngazi na bisibisi.

Stima ikikatika

Faida ambayo sikuitarajia ni hii. Betri ya volti 12 na Ah 100, ukiitumia nusu tu ili usiiue, hukupa kama Wh (wati-saa) 510 baada ya hasara za inveta. Feni ya wati 75 huimaliza kwa saa 7 hivi. Ya wati 30 hufika saa 17. Usiku mzima wa Februari bila stima, na watoto wakalala.

Hatari huja stima ikirudi, kwa sababu hurudi na kishindo. Zima feni swichini taa zikizimika, subiri dakika mbili tatu baada ya kurudi. Ukiweza, weka kinga ya volti kwenye meinswichi. Bodi moja iliyookolewa hulipia kinga hiyo.

Kila mwezi futa mapanga na kichwa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo kilichokamuliwa, si kwa kupuliza dawa ya vioo. Chumvi hukaa upande wa juu usioonekana. Baada ya mwezi wa kwanza panda ngazi, ukaze skrubu za mapanga upya. Rimoti ifungwe kwa kamba kwenye fremu ya mlango. Ikipotea usiku wa joto, feni nyingine hubadilisha kasi ukizima na kuwasha swichi haraka haraka, na kama yako ni hivyo imeandikwa kwenye ile karatasi ambayo, tafadhali, usifungie maandazi.